Ile Pombe Wanayosema Nimepika Maabara

Muthara,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Mama na Baba, nyumbani Kibugu,

Nawasalimu nyote wawili, na kabla sijasema langu naanza na yenu. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Kikapu cha majani ya chai bado kinamchoma pale pale chini ya bega? Na goti la Baba, je, limekubali baridi ya mwezi huu ama linalia kila asubuhi? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na sijafukuzwa kazi. Hilo la mwisho naliweka hapa juu mapema, ili Mama aweze kukaa chini na kusikiliza mengine akiwa ametulia.

Baba, barua yako ya mistari mitatu ilinifikia Ijumaa. Wa kwanza umeniuliza kama ni kweli. Wa pili umesema nikifukuzwa kwa ajili ya pombe nisipitie hapo nyumbani, niende moja kwa moja mahali ambapo sitaki kupataja leo Jumapili. Wa tatu ni sahihi yako. Najua aliyewaletea habari ni binamu Nyaga, kwa maana hakuna mwingine wa kwetu anayepita Muthara na lori la viazi. Nyaga alisikia nusu ya habari hapa sokoni, na nusu ya pili akaitunga mwenyewe njiani kabla hajafika Embu. Wacha tu, nikimpata!

Sasa naomba jambo moja. Wewe ndiye unayemsomea Mama, na ndiyo maana naandika Kiswahili, kwa sababu tangu utoke polisi umekataa kusoma karatasi yoyote isiyo ya Kiswahili. Basi soma yote. Usiruke mstari ukichoka, na usiongeze maneno yako katikati. Mama anakujua ukidanganya, masikio yako huwa mekundu.

Mambo yalikuwa hivi. Mnajua nimekuwa katika muda wa majaribio tangu nilipofika shule hii. Mwalimu mpya hupewa muda, halafu anakuja inspekta kutoka mjini, anakaa nyuma ya darasa na karatasi yake, na akiondoka ama umethibitishwa kazini ama umerudi kwenu kuchuma chai. Sina ubaya na chai, Mama, lakini mikono yangu unaijua. Ulisema mwenyewe kwamba nachuma kama mbuzi.

Inspekta wangu alitangazwa kuja Jumatano saa nne, na somo alilotaka kuliona ni kupima vyakula. Baba, usikunje uso, nitaeleza kidogo tu. Mwili wa kitu chochote chenye uhai, uwe wewe, uwe ng'ombe, uwe mti wa mkungu, umejengwa na vitu vichache: wanga, sukari, protini, mafuta, na vingine ambavyo leo tunaviacha. Kila kimoja kina dawa yake ya kukifichua. Ukidondosha iodini, ile dawa ya kahawia, kwenye wanga, inageuka nyeusi yenye ubuluu. Dawa ya bluu ya sukari ukiichemsha pamoja na sukari ya tunda au ya asali, inakuwa rangi ya tofali. Protini inatoa zambarau, na mafuta yanaacha doa linalopitisha mwanga kwenye karatasi. Ni kazi nzuri, hata mtoto anaipenda, na haiwezi kuharibika. Ndivyo nilivyofikiri.

Shule yetu ni ya harambee, imejengwa kwa michango ya wazazi. Maabara ni chumba kimoja chenye meza nne na stovu mbili za mafuta ya taa. Msaidizi wa maabara ni mimi, mwalimu ni mimi, mfagiaji pia ni mimi. Jumanne nilipofungua kabati nitoe pakiti ya wanga, nikakuta panya wameila yote na kuacha karatasi ya jina. Nikacheka kidogo, nikasema, angalau panya wamehakikisha kwamba ni chakula. Sikutishika. Nilikuwa na unga wako wa mahindi, Mama, ule mweupe uliomtuma Nyaga aniletee. Uji wa mahindi ni wanga mtupu. Inspekta atajua wapi kama umetoka dukani ama Kibugu?

Jumatano asubuhi, kwangu mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha. Basi nikabeba sufuria na unga nikaenda kupika maabara, sufuria moja kwa shughuli mbili: nusu ninywe, nusu niwapimie wanafunzi. Baba, nasikia unavyoguna. Endelea kusoma.

Nikakoroga uji, ukachemka vizuri, ukawa mzito kama unavyopenda wewe. Nikauepua. Nikangoja. Nikatia kidole, nikahesabu hadi tano kidole kikavumilia. Nikafungua lile kopo dogo ulilonitumia, nikachota kijiko kimoja cha kimea chako cha wimbi, nikakoroga, ukalainika. Mama, naapa sikufikiri hata kidogo. Mkono wenyewe ulifanya, kwa vile ndivyo umefanya kila asubuhi tangu nilipokuwa sifikii meza. Nikanywa vikombe viwili. Uliobaki nikautia kwenye thamosi, nikabandika karatasi: KITU A. Nikafurahi hata, kwamba umekuwa mwepesi na sitahitaji kuuchuja.

Saa nne inspekta akaingia, mrefu, mkavu, miwani kwenye pua. Hedimasta wetu akamfuata. Hedimasta ni mzee wa kanisa, mtu wa sala ndefu, na siku hiyo alikuwa amevaa tai. Wakakaa nyuma. Kidato cha tatu wakasimama, wakaimba "Good morning, sir," wakakaa.

Tukaanza na yai. Zambarau, safi kabisa. Tukaenda kwenye mafuta. Hapo msichana mmoja, kwa woga wa wageni, alisugua mandazi juu ya karatasi iliyokuwa karibu, na karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa ripoti ya inspekta. Aki nilitamani ardhi ipasuke! Inspekta akaiinua, akaielekeza dirishani, akamwona hedimasta kupitia doa. "Mafuta yapo," akasema, bila kucheka, akaendelea kuandika kando ya doa.

Halafu Kitu A. Nikamimina uji kwenye vioo vyao vya kupimia, nikaongeza maji kidogo, nikasema kwa sauti ya mtu anayejiamini, "Dondosheni iodini mwone maajabu." Wakadondosha. Wakatazama. Nikatazama. Kahawia. Wakaongeza. Kahawia ile ile, kama chai ya strungi isiyo na maziwa. Hakuna nyeusi, hakuna bluu, hakuna lolote.

"Labda iodini imezeeka," nikasema. Nikakata kipande cha kiazi, nikadondosha, kikawa cheusi papo hapo. Iodini haikuwa na neno. Inspekta akasimama akaja mbele. "Pima sukari," akasema. Nikachukua ile dawa ya bluu, nikaichemsha na uji. Ikawa kijani, ikawa njano, ikawa nyekundu ya tofali mbele ya macho yangu.

"Mwalimu," akasema, "uji wako hauna wanga, una sukari. Uliweka sukari?"

"La, bwana. Hata chembe."

Akanusa thamosi. Akaingia chumba cha nyuma, hedimasta nyuma yake, mimi nyuma ya hedimasta, na wanafunzi wote mlangoni wakinyoosha shingo. Pale kwenye stovu ya shule ilikaa sufuria yangu, ukoko bado pembeni, na kijiko, na kopo lako. Na ukutani, juu ya sufuria, bango nililolichora kwa mkono wangu mwenyewe kwa rangi nyekundu: NI MARUFUKU KULA AU KUONJA KITU CHOCHOTE KATIKA MAABARA.

Hedimasta akachukua kopo, akafungua, akanusa mara moja. Mara moja tu! "Hiki ni kimea," akasema. "Kimea ni cha pombe." Mpaka leo najiuliza mzee wa kanisa alijuaje upesi hivyo, lakini siku hiyo sikuwa na nafasi ya kuuliza. Wanafunzi mlangoni walivuta pumzi wote pamoja. Na hapo ndipo habari ya Nyaga ilipozaliwa, kwa maana mmoja wao mama yake anauza viazi sokoni.

"Unapika pombe katika maabara?" Inspekta akauliza taratibu, kalamu imeshagusa karatasi.

"Hapana, bwana! Ni cha uji. Ni mama yangu aliyenitumia."

"Kinafanya nini ndani ya uji?"

Mama, hapo nikashindwa. Kwa sababu jibu pekee nililokuwa nalo ni lile nililokupa wewe mwaka ule nilipotoka chuo. Unakumbuka. Ulikuwa jikoni na shangazi, umetia kidole, unahesabu, na mimi kwenye mlango na shati langu jipya la chuo nikakwambia joto hupimwa kwa kipimajoto, si kwa kidole. Nikasema kijiko kimoja cha unga mkavu hakiwezi kulainisha sufuria nzima, kwamba unajidanganya, kwamba ni desturi tu isiyo na maana. Shangazi aliangalia chini. Wewe ukasema, "Kunywa uji." Basi. Hukusema lingine, na kila muhula tangu siku hiyo ukatuma kopo, na mimi kila asubuhi nikachota kijiko, na sikuwahi kufikiri.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. Ni Kathure, msichana mdogo wa umbo, huwa hasemi sana darasani. "Mwalimu, hata kwetu kiko," akasema. "Mama alipojifungua, nyanya yangu alikuja kutoka Ruiri akamtilia. Uji unalainika, halafu unakuwa mtamu bila sukari."

"Kwa nini?" Inspekta akamgeukia.

Kathure akafikiri. "Ile wiki tulipotema mate," akasema.

Mungu wangu! Ni kama mtu aliyewasha taa. Wiki mbili nyuma, mimi mwenyewe nilikuwa nimewatemesha mate kidato kizima kwenye vioo, wakachanganya na wanga, wakaona wanga ukipotea. Niliwaeleza kwamba wanga ni sukari nyingi zilizoshikana mikono katika mstari mrefu, na kwenye mate kuna kimeng'enya, kitu kidogo cha jamii ya protini, ambacho kazi yake ni kuwaachanisha mikono. Na mbegu ikiota nayo hufanya kimeng'enya hicho hicho, kwa sababu ina mtoto wa kulisha na chakula chake kimefungwa katika wanga. Wimbi lako unalolowesha, ukalifunika na gunia likaota, ukalianika, ukalisaga, limejaa kitu hicho. Niliyafundisha haya yote ubaoni kwa mchoro, Mama, na kikombe cha uji wako kikiwa tumboni mwangu. Nilitaka kucheka na kulia.

"Onyesheni," akasema inspekta.

Tukapika uji mpya, tukaugawa vikombe vitatu. Cha kwanza bila kitu. Cha pili kimea. Cha tatu kimea ambacho Kathure alitaka kichemshwe kwanza na maji. "Nyanya husema ukikitia kwenye uji unaochemka umekiua," akasema, "na anapiga mtu na mwiko." Nikaeleza kwamba kimeng'enya kikichemka umbo lake linaharibika, kama ute wa yai ukikaangwa, na hakirudi tena.

"Na uji uwe na joto gani?" Inspekta akauliza. "Leta kipimajoto."

Kipimajoto chetu kilivunjika muhula uliopita.

Nikasema, "Bwana, kuna njia ya nyumbani. Unatia kidole, unahesabu hadi tano. Ukishindwa kufika tano ni moto mno. Ukipita tano bila kusikia chochote, umechelewa."

Akavua saa. Baba, soma hapa polepole. Inspekta wa sayansi, mtu mzima na miwani yake, akatia kidole chake mwenyewe kwenye uji mbele ya kidato cha tatu. "Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Nne." Uso ukaanza kumkunjika. "Tano!" Akakichomoa akakipuliza. Wanafunzi wakapiga makofi. Tukatia kimea, tukafunika vikombe na shuka tunalofunikia mifupa ya sungura ya kufundishia ili visipoe, tukangoja kama robo saa. Katika robo saa hiyo hedimasta aliomba kimoyomoyo, midomo nikiiona ikicheza.

Tukadondosha iodini. Cha kwanza, cheusi. Cha tatu, kimea kilichochemshwa, cheusi. Cha pili kilianza zambarau, na kila tulipongoja tukapima tena rangi ilikimbia, mwisho kikawa kahawia, na kimelainika mpaka kinamwagika kama maziwa.

"Kwa hiyo si pombe," akasema hedimasta.

"Bado," akasema inspekta. "Kiache siku tatu kwenye joto, mzee, halafu tutazungumza." Na kabla mtu hajasema neno, alichukua thamosi, ule uji uliobaki ambao haujaguswa na iodini, akamimina kwenye kifuniko, akanywa. Chini ya bango langu. Akanywa wa pili. Hedimasta naye akaonja, ili kuhakikisha.

Halafu akashika kalamu. "Njia hii umeitoa kitabu gani?"

Mama, hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa imening'inia. Ningeweza kutaja kitabu chochote, viko viwili kabatini na asingeviangalia. Mwalimu wa majaribio anayesema amejifunza sayansi jikoni, nani atamthibitisha? Na hedimasta alikuwa ananikonyeza niseme kitabu.

"Si kitabu," nikasema. "Ni mama yangu. Anakaa Kibugu, Embu."

"Ni mwalimu?"

Nikasema ndiyo.

Akaniuliza jina lako, akaandika, muda mrefu kweli, akafunga faili, akapanda gari akaenda. Wiki mbili sikulala vizuri. Hapo katikati ndipo Nyaga alipowaletea habari yake. Kumbe kila mtu sokoni alikuwa ananiuliza kwa jicho moja kama bado ninapika, na mmoja akaniuliza bei.

Alhamisi barua ikafika. Nimethibitishwa kazini, kwa sharti moja, kwamba sufuria itoke maabara. Imeshatoka. Baba, sasa unaweza kumwambia Nyaga abebe na habari hii kwenye lori, lakini yote.

Na kwako, Mama, sina la kujitetea. Nilikosa siku ile, na nilikosa mbele ya shangazi, kwa hiyo msome barua hii naye akiwepo. Kijiko kinafanya kazi. Kidole kinafanya kazi. Mimi ndiye nilikuwa sifanyi kazi. Nisamehe.

Nisalimieni shangazi mwenyewe, na dada Wawira na mtoto wake, mwambieni asimtafunie ndizi kila mara, ingawa sasa najua kwa nini inakuwa tamu. Msalimieni mchungaji, na mumwondolee wasiwasi kama Nyaga alimfikia. Ng'ombe mwekundu nampa salamu pia, nasikia amezaa. Kopo la kimea limekwisha, inspekta aliomba kilichobaki. Nitumieni mawili.

Ni mimi mwana wenu, mwalimu sasa kabisa,
Njeru

Niongeze hili. Ndani ya bahasha nimeweka ripoti yenyewe, iliyokuja na barua ya Alhamisi, ile ile yenye doa la mandazi. Baba, hapa nyamaza. Usiisome wewe, mpe Mama aishike. Mama, najua kusoma hujui, lakini jina lako ulijifunza ili utie sahihi pale tunapopimia chai. Inyanyue karatasi kwenye mwanga wa mlango. Hapo kando ya doa, mbele ya neno mwalimu, litafute jina lako.